Mja Asiye na Ukoo: Dini, Utumwa na Maziko katika Pwani ya Tanga

Katika miaka ya 1870 bonde la mto Pangani lilikuwa nchi ya miwa. Matajiri wa mjini, Waarabu wa asili ya Oman pamoja na baadhi ya Washirazi, walikuwa wamefungua mashamba kandokando ya mto na kusimika mitambo ya kukamua miwa na kuchemsha maji yake. Kazi yote, tangu kufyeka msitu hadi kukesha mbele ya masufuria, ilifanywa na watumwa. Walitoka Unyasa, Uyao, Manyema, na hata Uzigua iliyokuwa jirani tu. Walikuwa wametengwa na wazazi, na mizimu ya kwao, na makaburi ambayo kwayo mtu hujua yeye ni nani. Mtu wa namna hiyo alipougua, alipopigwa au alipofiwa na mtoto, alimlilia nani? Jibu tulilolizoea misikitini na makanisani ni kwamba alimlilia Mungu, naye Mungu akamfariji. Sina ugomvi na jibu hilo, ila linaishia njiani. Ushahidi wa pwani hii, kuanzia Tanga hadi Saadani na Bagamoyo, unaonyesha kwamba faraja ya kuwa wa Mungu ilishika pale ilipompa mtu kitu cha kuwadai binadamu wenzake: jina, nafasi katika safu ya sala, majirani wa kumwosha na kumzika. Ilipokosa dai hilo ilibaki maneno matamu. Waliolijua jambo hili mapema kuliko wote walikuwa watumwa wenyewe, na mabwana wao pia.

Uzito wa dai hilo hauonekani mpaka tuielewe hatari ya kutokuwa wa mtu yeyote. Sisi wa leo tukisikia kwamba mtu ni wa fulani, tunaona aibu ya kumilikiwa. Mtu wa Mrima, yaani wa pwani hii, wa karne ya 19 aliiona aibu hiyo pia, lakini aliogopa zaidi kuwa mtu asiye na mwenyewe, kwa sababu huyo ndiye aliyekamatwa njiani na kuuzwa bila yeyote kuuliza. Njaa ya mwaka 1884 na miaka iliyoifuata ililionyesha jambo hili waziwazi. Watu wa Uzigua na bara ya Pangani waliteremka pwani wakajiweka rehani, au wakawaweka watoto wao, kwa wenye chakula. Ndugu waliposhindwa kurudi na fidia, rehani iligeuka utumwa. Karibu miaka hamsini kabla ya hapo, katika miaka ya 1830, njaa nyingine ilikuwa imewasukuma Wazigua wengi kwenye majahazi, wakapelekwa hadi pwani ya Benadir huko Somalia. Habari yao nitairudia. Mwanazuoni Orlando Patterson, katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu utumwa duniani kote, aliuita utumwa kifo cha kijamii: mtumwa ni mtu aliyekatwa na waliomtangulia na watakaomfuata. Pwani yetu haikuwa na haja ya kufundishwa hilo na mwanazuoni. Aliyekufa bila ukoo alikufa kweli, kwa kuwa hapakuwa na wa kumtaja.

Ndiyo maana makaburi yanatuambia mengi. Kusini kidogo ya mji wa Tanga kuna magofu ya Tongoni, msikiti wa kale pamoja na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yakiwa na nguzo za mawe na chokaa. Waliojengewa nguzo hizo walikuwa watu wenye nasaba na mali, na hadi karne zetu hizi wapo waliokwenda kuomba na kuweka nadhiri penye makaburi hayo. Mtumwa hakujengewa nguzo. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kuhusu maiti za watumwa zilizotupwa ufukweni Unguja, zikaachiwa mbwa na mawimbi. Wapadri wa Kikatoliki walichapa habari za Swema, binti wa Kiyao aliyefikishwa Unguja katika miaka ya 1860 akiwa hoi kwa njaa na safari, mama yake akiwa amefia njiani. Mwenye mali alipoona mtoto hatafaa tena sokoni, aliamuru afukiwe, naye akafukiwa angali hai katika kaburi la kina kifupi, hadi mpita njia alipomfukua na kumpeleka kwa masista. Habari hiyo iliandikwa na padri kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya waliotarajiwa kutoa sadaka, kwa hiyo hatuna budi kuisoma kwa uangalifu. Lakini hata tukipunguza chumvi ya mwandishi, hesabu ya yule mfanyabiashara inabaki pale pale: kwake, kaburi lilikuwa gharama, na asiye na thamani sokoni hakustahili hata sanda.

Sasa tuiweke hesabu hiyo kando ya sheria ya Kiislamu, dini ambayo karibu kila bwana wa Pangani aliifuata. Kumwosha Mwislamu aliyekufa, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana. Wakiitimiza wachache, wote wameokoka. Asipoitimiza hata mmoja, mji mzima una dhambi. Maana yake ni kwamba maiti isiyo na ndugu inaudai mji wote. Tena, kwa desturi ya watu wa madhehebu ya Shafi, kaburi likishafukiwa mwalimu huketi upande wa kichwani akamsomea marehemu talkini, kumkumbusha majibu ya maswali atakayoulizwa na malaika. Humo haitwi kwa cheo wala kwa ukoo wa babake. Huitwa mja wa Mungu, mwana wa mjakazi wa Mungu. Liwali huitwa hivyo, na mpagazi wake huitwa hivyo hivyo. Kwa mtu ambaye maisha yake yote aliitwa mtumwa wa fulani, haya hayakuwa mambo ya ibada tu. Yalikuwa tamko, mbele ya mashahidi, kwamba wa fulani na fulani mwenyewe wana bwana mmoja. Mwislamu anapopata habari ya msiba husema kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, na kwa mwungwana maneno hayo ni subira. Kwa mtumwa yalikuwa na makali ya ziada, kwa kuwa yalimhukumu aliyedai kumiliki.

Hapa ndipo penye pingamizi la kwanza, lililo la kawaida kuliko yote: kwamba dini iliwalaza watumwa, ikawafanya wavumilie leo kwa ahadi ya kesho. Kama ingekuwa hivyo, tungetarajia kuwaona mabwana wa Pangani wakiwasukuma watumwa wao msikitini kila alfajiri. Hawakufanya hivyo. Jonathon Glassman, mwanahistoria aliyeichunguza Pangani kwa kina katika kitabu chake Feasts and Riot cha mwaka 1995, anaonyesha kinyume chake: wakubwa wa mji walipenda kuubakiza Uislamu kamili, wenye elimu, karamu na heshima zake, kuwa alama ya uungwana, na watu wa mashambani wakabaki kuitwa washenzi hata walipokuwa wanafunga na kusali. Watumwa ndio waliosukuma kuingia. Walitaka kushiriki maulidi, walitaka watoto wao wasome, walitaka kuvaa na kuzikwa kama watu wa mji. Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, watumwa wa mashamba ya miwa waliasi, wakatoka na kuanzisha makazi yao Kikogwe, na watu wa mjini walipokwenda kuwarudisha kwa nguvu walishindwa. Kwa maelezo ya Glassman, waasi hao hawakukimbilia kurudi kwenye mila za bara. Walidai nafasi katika jamii ya pwani, na dini ilikuwa sehemu ya madai yenyewe. Dawa ya usingizi haiwaamshi watu usiku wakabebe silaha.

Madai hayo yalipata nyumba yake hasa katika tarika, yaani vyama vya kisufi. Kadiria ilienea pwani kuanzia miaka ya 1880, ikichukuliwa na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa na makhalifa wake, na Shadhilia ikaja kwa njia ya Ngazija. Katika tarika mtu huingia kwa bai'a, kwa kushikana mkono na sheikh. Hakuulizwa babu yake alikuwa nani. Aliulizwa sheikh wake ni nani, na mlolongo wa masheikh ukampandisha hadi kwa Mtume. Ukiuangalia kwa jicho la mtu aliyeporwa ukoo, mlolongo huo ni nasaba iliyorudishwa. Baadhi ya maulamaa walizichukia zikri za sauti na dufu, na hoja zao za kifikihi zilikuwa na msingi, lakini ni vigumu kutokuona pia kwamba zikri ilimkusanya mwungwana na mchukuzi katika duara moja, bega kwa bega, na kuwapandisha pumzi pamoja. Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Bagamoyo. Yahya bin Abdallah, ambaye watu walimjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani mtoto kutoka Manyema, akiwa mtumwa, akaishia katika nyumba ya liwali wa ukoo wa Lamki. Alisoma, akafanya biashara, akapewa ukhalifa wa Kadiria, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa sheikh ambaye wajukuu wa waliokuwa mabwana walimbusu mkono. Jina la babake lenyewe linasema mengi, kwani Abdallah ndiye baba aliyepewa kila mtumwa na kila mwongofu ambaye baba yake hakujulikana au hakuwa Mwislamu. Wapwani walilisikia na kuelewa mara moja. Ramiya hakulificha, na halikumzuia.

Upande wa Wakristo mambo yalikwenda kwa njia nyingine na kufika mahali palepale. Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wenyeji waliijua kwa kifupi cha UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864 na kuanza kulea watoto waliokombolewa majahazini. Mwaka 1868 ikapata kituo Magila, katika nchi ya Wabondei, karibu na Muheza ya leo, kwa ruhusa iliyotoka kwa mtawala wa Usambara. Walioifanya kazi ya Magila hawakuwa Waingereza peke yao. Walikuwemo vijana waliosomea Kiungani, shule ya watoto wa utumwani, na mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa misheni hiyo, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Mtoto wa Kiungani hakuwa na mjomba, hakuwa na kijiji, mara nyingi hakulikumbuka hata jina la kwao. Ubatizo ulimpa jina, mdhamini na siku ya kukumbukwa. Cha ajabu zaidi ni gazeti. Kuanzia mwaka 1888 wanafunzi na walimu wa Kiungani walitoa Msimulizi, na katika miaka ya 1890 Magila ikatoa lake, Habari za Mwezi. Ukurasa baada ya ukurasa kulikuwa na habari za vituo: nani ameoa, nani amehamishiwa Masasi, nani amekufa Likoma. Mtu mwenye haraka atasema ni umbea wa kanisani. Lakini watu waliotawanywa kwa nguvu kutoka kila pembe ya Afrika ya Mashariki walikuwa wanaandika, kwa Kiswahili na kwa mikono yao, daftari la ukoo walioutengeneza upya. Kufa na kuandikwa katika Msimulizi kulikuwa ni kufa ukiwa na wa kukutaja.

Lutindi, milimani juu ya Korogwe, ni mfano mdogo unaostahili kutajwa. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua hapo mwaka 1896 nyumba ya kulelea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wa namna hiyo walipopungua, nyumba ikageuzwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake katika nchi hii. Mtu aweza kuona ni kubadili matumizi ya majengo tu. Mimi naona mantiki moja: kutoka kwa mtoto asiye na ukoo hadi kwa mtu mzima ambaye ukoo umemkatia tamaa, wote wakipokewa kwa sababu ile ile, kwamba ni wa Mungu na kwa hiyo yuko mtu aliyewajibika kuwalisha.

Ukweli unadai pia tuikubali sehemu ya pingamizi la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Dini hizi zenyewe zilikuwa na ngazi, na wakati mwingine zilimrudisha mja mikononi mwa bwana kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Kiislamu ilihesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ibada kubwa na kafara ya dhambi, lakini iliacha kati ya aliyeachwa huru na aliyemwacha huru uhusiano wa walaa, ambao kwao mwachwa huru akifa bila warithi, mali yake humwendea yule aliyemwacha au jamaa zake. Yaani hata katika uhuru wake, ukoo wake wa akiba ulikuwa ule wa bwana. Vijiji vya Wakristo navyo, kama kile cha Bagamoyo kilichoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, vilitawaliwa na kengele: kengele ya kuamka, ya shamba, ya sala, na padri ndiye aliyeamua nani amwoe nani. Aliyekiuka nidhamu alitengwa na meza ya Bwana, na kutengwa huko kwa mtu asiye na jamaa nje ya kanisa kulikuwa ni kurudishwa jangwani. Yote hayo ni kweli. Lakini tuangalie yanathibitisha nini. Kama faraja ingekuwa ni jambo la moyoni peke yake, kutengwa na jamaa ya waumini kusingeumiza kiasi hicho. Mtu angeendelea kufarijika kimya kimya nyumbani kwake. Kuliuma kwa sababu wote, mtenga na mtengwa, walijua kwamba kuwa wa Mungu kulikaa katika watu. Ndiyo maana pia wanyonge walilipinga tabaka ndani ya dini kwa maneno ya dini ileile. Walichodai ni deni, na mdai hudai kwa hati iliyopo.

Vita vya Pangani vya 1888 vinapaswa kusomwa hivyo hivyo, ingawa watu wengi huvisoma kama vita vya Abushiri bin Salim peke yake. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa na watumwa. Mwezi Agosti mwaka ule kampuni ya Wajerumani ilipochukua forodha za pwani, mwakilishi wake Pangani, Emil von Zelewski, aliwaudhi watu wa kila tabaka, na habari iliyoenea pwani nzima ni kwamba aliingia msikitini pamoja na mbwa. Ghafla msikiti ambao wakubwa walikuwa wameubania ukawa ndicho kitu pekee kilichowaunganisha na wa mashambani. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na mwaka huohuo wa 1307 wa Hijria ukaingia katika jina la utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni na mganga wa Tanga, aliyesimulia jinsi Wadachi walivyoutamalaki Mrima. Umoja ule haukudumu. Wajerumani hawakuukomesha utumwa. Waliridhika kuamua kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na sheria ya kuufuta kabisa ilingoja Waingereza, mwaka 1922.

Kabla ya hapo kulikuja jaribu jingine, lililofunua upande ambao wahubiri wa faraja huupitia haraka: kuwa wa Mungu kunaweza kukuletea shida badala ya kukuondolea. Vita vilipoanza mwaka 1914, na Waingereza wakapigwa vibaya walipojaribu kuiteka Tanga mwezi Novemba, wamisheni wa UMCA walizuiliwa na serikali ya Wajerumani. Makanisa ya nchi ya Wabondei yakabaki mikononi mwa mapadri na walimu Waafrika, hadi wao nao walipokamatwa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa adui. Walifungwa, wakapelekwa bara, wakabebeshwa mizigo, wakapigwa, na baadhi yao wakafa kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora mwezi Septemba 1916. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliyaandika mateso yao katika kijitabu cha mwaka 1918. Kosa la watu hao lilikuwa uanachama wao. Mtu asiye wa kanisa lolote angebaki kwake analima mihogo. Mkosoaji atauliza: basi iko wapi faraja? Iko katika lile lile linaloonekana kuwa hasara. Walikamatwa wakiwa kundi, wakafungwa wakiwa kundi, na waliporudi walikuta makanisa yanayowajua kwa majina na kuwahesabu waliokosekana. Wapagazi waliokufa katika vita vile ni maelfu mengi, na sehemu kubwa yao hawakuandikwa popote. Tofauti kati ya aliyetajwa na asiyetajwa haipunguzi uchungu wa kifo hata kidogo, lakini kwa waliobaki ilikuwa ndiyo tofauti yote.

Mmoja wa wafungwa wa Tabora, Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891 na kusomea Kiungani, alirudi Tanga akawa karani wa serikali ya Waingereza. Machi 1922, mwaka uleule wa sheria ya kufuta utumwa, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini humo, na katika chama hicho Waislamu na Wakristo walikaa pamoja. Wanahistoria hukihesabu kuwa miongoni mwa mizizi ya siasa za Tanganyika. Sioni kuwa ni bahati nasibu kwamba kilizaliwa katika mji ambao kwa miaka hamsini watu wasio na ukoo mmoja walikuwa wamejizoeza kutengeneza jamaa, kuweka daftari na kudaiana wajibu.

Mkonge ukaja kulijaribu zoea hilo kwa idadi kubwa zaidi. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida; katika vichipukizi vyote ni 62 tu vilivyofika hai, na vikapandwa Kikogwe, jina ambalo miaka ishirini nyuma lilikuwa la makazi ya watoro. Historia ina kejeli zake. Mashamba yakaenea kutoka Pangani hadi Muheza na Korogwe kwa kufuata reli, na kufikia miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge Tanganyika nzima walikuwa zaidi ya 100,000. Walitoka Songea, Kigoma, Urundi, Msumbiji. Waliitwa manamba, walifanya kazi kwa kipande cha siku 30, na wengi walipanga kurudi kwao na hawakurudi. Hawakuwa watumwa, na ni kosa kuwaita hivyo, lakini swali la kaburi lilikuwa lilelile: nitakayefia kambini, atanizika nani? Wengine walijibu kwa vyama vya kabila vya kuzikana. Wengine walisilimu, na wenyeji wakasema kwa dharau kwamba wamesilimu kwa ajili ya sanda na ubwabwa wa hitima. Dharau hiyo inaudhi, maana inakosoa jambo lililo sawa kabisa. Aliyesilimu ili azikwe alikuwa ameielewa faradhi ya kutoshelezana vizuri kuliko aliyemcheka. Padri aliyezunguka kambi kwa baiskeli kila mwezi akisomesha misa chini ya mwembe naye aliijua hesabu hiyo: alizika kwanza, akafundisha baadaye.

Limebaki pingamizi la tatu, nalo linatoka kwa Wazigua wale waliopelekwa Benadir. Wao hawakuwa na msikiti wa kuwapokea wala misheni. Walitoroka mashamba ya Wasomali, wakaingia msitu wa mto Juba, na kwa mapokeo yao waliongozwa na mwanamke, mganga aitwaye Wanankhucha. Kwa zaidi ya karne moja na nusu walishika lugha yao, koo zao na ngoma zao. Je, hawa hawathibitishi kwamba ukoo unatosha, na kwamba dini ya pwani ilikuwa njia ya wale tu waliokosa kitu bora? Wanathibitisha nusu. Walikuwa wengi waliotoka nchi moja, wenye lugha moja, wakaasi pamoja na kukaa pamoja. Mtumwa wa Pangani alilala bandani na mtu asiyeelewa hata kilio chake. Kwa hao wawili lugha ya kwanza ya pamoja ilikuwa Kiswahili, na jamaa ya kwanza ya pamoja ilikuwa ya wanaosali. Zaidi ya hayo, Wazigua wa Juba nao hatimaye waliingia Uislamu na tarika, kwa sababu katika Somalia ukoo wao, hata ukiwa imara kiasi gani, haukuwa dai ambalo jirani Msomali angelikubali. Vita vya Somalia vilipowafukuza katika miaka ya 1990, baadhi yao walipanda majahazi na mashua hadi Tanga, wakakaa kambini Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Waliwasalimia wenyeji kwa Kizigua ambacho wazee wa Handeni walikielewa, na Ijumaa wakasimama nao safu moja, wakiwa na madai mawili badala ya moja. Uraia wa Tanzania ulifuata miaka mingi baadaye.